Tendo la Tano

Jioni ya nane kati ya tisa za msiba wa mzee wao, Tun Hulian, Yesu alivishwa taji la miiba mara tatu, na ua mzima wa watu wenye akili zao ukamwacha avishwe.

Si kwamba hawakuona. Waliona sana. Tan Ika, dada mkubwa wa marehemu, ndiye techa wa kijiji cha Songsong, mwanamke anayeongoza Rozari kila nyumba inapoingiwa na kifo. Alitangaza la tatu kati ya matendo matano ya uchungu, taji la miiba, watu wakaitikia Salamu Maria zote. Akatangaza la nne, Yesu anachukua msalaba. Kisha, kwa sauti ileile isiyotetereka, badala ya kwenda la tano, Yesu anakufa, akarudi la tatu. Miiba. Wakaitikia. Akaenda la nne, msalaba, akarudi tena kwenye miiba. Mezani, kuku wa kelaguen, aliyekolezwa ndimu na nazi, alikuwa chini ya kitambaa, nzi wakijaribu bahati zao, na wali mwekundu ulikuwa umeanza kushikana. Lakini techa hakatizwi. Afadhali umkatize padri altareni, kwa maana padri atahamishwa. Techa utazeeka naye.

Bernadita, ambaye kijiji kizima kilimwita Dita, alikaa kuume kwa Tan Ika, shangazi yake, kama alivyokaa tangu meno yake ya utotoni hayajang'oka. Kazi yake ilikuwa kuanzisha kiitikio. Tan Ika akisema nusu ya kwanza ya Salamu Maria, Dita huidaka ile ya pili, na wengine humfuata. Jioni hiyo aliidaka kila mara, huku moyoni akijiuliza kama anamfuata shangazi yake au anampoteza.

Mara Tan Ika akarukia mwisho. Hakulifikia kabisa tendo la tano. Aliinua uso kwenye picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu iliyowekwa juu ya meza ya sala, juu ya picha ya Tun Hulian aliyekuwa akicheka na kofia upande, akaanza litania.

"Moyo wa Yesu, unaowaka mapendo yasiyozimika."

"Utuhurumie," watu wakaitikia kwa nguvu ya wenye njaa.

Sala ilipokwisha, wazee wakasogelea sahani. Tun Gorio, jirani ambaye hata kwenye kifo cha mkewe mwenyewe hakuweza kujizuia kutania, alimwinamia Dita sikioni.

"Usinicheke, lakini mimi kwa hesabu yangu tumemwacha Bwana wetu barabarani na msalaba begani. Nani anaenda kumsaidia? Mimi goti linauma."

"Tun Gorio, kula," alisema Dita.

"Ninakula. Hata Simoni wa Kirene lazima alikula kwanza kabla ya kuubeba."

Mkono ulimshika Dita kiwiko na kumvuta mpaka nyuma ya nyumba, kwenye masufuria. Alikuwa Chilang, binti wa marehemu, aliyefika kutoka Saipan kwa ndege siku ambayo baba yake alikata roho na hakuwa amelala vizuri tangu hapo.

"Dada, umeona?"

"Nimeona."

"Umeona halafu umeitikia tu! Jioni ya tatu nilisema amechoka. Ya tano nikasema ni joto. Leo baba yangu ameachwa njiani, Dita. Njiani! Kesho ndiyo ya mwisho. Sala isipofika mwisho wake, mimi napanda ndege na moyo gani?"

"Sala ni sala, Chilang."

"Usiniletee maneno ya picha za ukutani. Kesho wewe unaongoza. Shangazi anakaa nyuma na kina mama, anapumzika. Ukishindwa, nina Rozari kwenye simu, sauti nzuri kabisa, nitaiweka kwenye spika."

"Simu? Mbele ya shangazi?"

"Basi mwambie wewe. Wewe ndiye kipenzi chake."

Dita alirudi kuchukua viatu vyake na hakujua alivivaa vipi. Mtu anawezaje kumwambia techa asiongoze msiba wa mdogo wake mwenyewe? Lakini pia, mtu anawezaje kumwacha Tun Hulian njiani? Tun Hulian ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, akipiga dashibodi kila alipokosea na kumsifu kila alipopatia, mpaka dashibodi ikapasuka. Alistahili kufikishwa.

Asubuhi, kabla ya zamu yake kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, alipita kwa Pale Nando, kama walivyomwita padri wao. Padri alikuwa akimwagilia mapapai nyuma ya nyumba ya mapadri. Dita akamweleza yote.

"Mungu hahesabu, Dita," alisema Pale. "Upendo wake si duka la kupima kwa mizani. Tendo moja, matendo kumi, anasikia."

Dita akashusha pumzi. "Kwa hiyo nimwache aongoze?"

"Mwache. Mheshimu." Pale akasogeza mpira wa maji kwenye papai la pili. Akafikiri. "Ila, ingekuwa vizuri mkimaliza. Kitu kikianzwa kimalizwe. Watu wanahitaji kumaliza."

"Sasa nimwache au tumalize?"

"Vyote viwili," alisema Pale Nando, akatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi. Dita akaenda kazini amechanganyikiwa kuliko alivyokuja, akampa abiria wa Guam tiketi ya mwenzake.

Mchana alikwenda kwa shangazi. Alimkuta kibarazani, ameweka trei mapajani, anafunga upya rozari iliyokatika. Vidole vyake vilipitisha uzi kwenye kila punje bila kukosea. Dita akainama, akaupeleka mkono wa mzee puani na kuunusa kama ada inavyotaka, halafu akakaa.

"Sema," alisema Tan Ika. "Umekaa kama mtu aliyekalia mwiba."

"Hakuna, shangazi. Nimekuja kukuangalia."

"Mimi si mtihani wa macho. Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo. Kuna mkate wa titiyas jikoni, umefunikwa."

Dita alikwenda jikoni. Mkate ulikuwepo, umefunikwa kwa kitambaa safi, bado moto. Pembeni yake sufuria ilikuwa juu ya jiko, haina maji wala chakula, kitako chake kimekuwa chekundu. Akazima moto. Alisimama pale akitazama mkate na sufuria, sufuria na mkate, na hakujua aamini kipi.

Aliporudi kibarazani, Tan Ika alianza kuongea bila kuulizwa.

"Unajua mimi nilivyopata utecha? Hakuna aliyenipa. Tan Engrasia, Mungu amrehemu, aliongoza miaka mpaka sauti ikawa ya jogoo. Siku moja katikati ya Rozari akakohoa, akanyamaza. Kimya kikawa kirefu. Nikaingia. Watu wakaitikia, nikaendelea, na ndio mpaka leo."

"Hakukasirika?"

"Alininunia mwezi mzima. Halafu akanipa rozari yake, hii hii." Akavuta fundo, akaukata uzi kwa meno. "Hulian amekwenda kuchukua kaa wa nazi? Mwambie asichelewe, leo ndiyo siku ya mwisho."

Dita akamgeukia. "Siku ya mwisho ya nini, shangazi?"

"Ya msiba, mtoto wee. Unauliza nini?"

"Msiba wa nani?"

Tan Ika akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayeuliza bahari iko wapi naye anaogelea.

"Wa Hulian," alisema.

Maneno aliyotumwa na Chilang yalikuwa mdomoni, yamepangika vizuri. Shangazi, leo pumzika. Shangazi, kaa na kina mama. Badala yake akauliza swali alilowahi kuuliza akiwa mtoto, siku walipomwombea baba yake mwenyewe: kama Mungu ni upendo mtupu, na marehemu yuko kwake, sisi tunamwombea nini?

"Nilikujibu zamani."

"Nijibu tena."

"Ukimpenda mtu, unaacha kumwita kwa sababu ametoka nje?" Tan Ika aliinua rozari juani, akaikagua punje kwa punje. "Unamwita. Hata kama hujui kama anasikia. Sasa ondoka, nina nguo ya kupiga pasi."

"Pasi nitapiga mimi," alisema Dita haraka, akikumbuka sufuria.

Saa kumi na moja jioni ua wa marehemu ulikuwa umefurika mpaka barabarani. Walikuja hata wale ambao Tun Hulian aligombana nao kuhusu mipaka ya mashamba, wameketi safu ya mbele kabisa, wameoga. Pale Nando naye alikuwepo, karibu na feni. Chilang alimwona Dita akiingia amemshika shangazi mkono, akampandishia nyusi. Dita akatazama chini. Chilang akaelewa. Akaitoa simu mfukoni na kuilaza juu ya meza ya sala, uso juu, karibu na mshumaa, kama mtu anavyoweka kisu mezani katikati ya mazungumzo.

Tan Ika alipiga magoti kwenye mto wake. Ishara ya msalaba. Sauti ikatoka, ile sauti inayojulikana na wote waliowahi kufiwa Songsong, na watu wakatulia.

Tendo la kwanza likapita. La pili likapita. La tatu, miiba. Dita aliidaka kila Salamu Maria, na macho yake yalikuwa kwenye picha ya Moyo Mtakatifu: moyo nje ya kifua, moto juu yake, na miiba imeuzunguka. Alikuwa ameiona picha hiyo maisha yake yote na hakuwahi kujiuliza kwa nini miiba haikuungua. Yote yalikuwa pale pamoja, moto na miiba, hakuna kilichomaliza kingine.

La nne, msalaba. Salamu Maria ya mwisho. Atukuzwe Baba. Kisha, kwa marehemu:

"Raha ya milele umpe ee Bwana."

"Na mwanga wa milele umwangazie."

Tan Ika akanyamaza.

Feni ilizunguka. Mtoto akalia nyuma, akatolewa. Tun Gorio alimtazama Dita na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani usoni. Vidole vya Chilang vilitambaa mezani kuelekea kwenye simu. Tan Ika alikuwa anaitazama picha ya mdogo wake, punje imesimama kati ya kidole gumba na cha shahada, na uso wake haukuonyesha chochote: si kusahau, si kukumbuka.

Hiki ndicho kimya kirefu? Au ni pumzi tu ya mzee? Ni kirefu kiasi gani ndipo mtu anaingia? Dita hakujua. Na kama anakumbuka, je? Na kama hataki kusema neno lile, "anakufa," kwa sababu Hulian bado anacheka pale na kofia upande, mimi ni nani nimlazimishe?

Midomo ya Tan Ika ikafunguka.

"Tendo la tano la uchungu," sauti ilisema. "Yesu anakufa msalabani."

Ilikuwa sauti ya Dita. Alishtuka kuisikia. Ilikuwa nyembamba, ikapasuka katikati. Watu walimtazama yeye, wakamtazama Tan Ika, ambaye midomo yake ilibaki wazi juu ya neno ambalo sasa hakuna atakayelijua kamwe. Pengine lilikuwa miiba. Pengine lilikuwa hili hili.

Dita akasema nusu ya kwanza ya Baba Yetu, akafika mwisho wake, akangoja. Nani wa kuanzisha kiitikio? Mwanzishaji alikuwa yeye.

"Utupe leo mkate wetu wa kila siku," alianza mtu kando yake, taratibu, na ua wote ukapanda juu ya sauti hiyo kama watu wanaopanda mashua moja. Tan Ika alikuwa anaitikia. Katika maisha yake yote Dita hakuwahi kumsikia shangazi yake akiitikia. Alikuwa na sauti nyingine kabisa kwa ajili ya nusu ya pili, laini, karibu ya kitoto.

Wakafika mwisho. Yesu alikufa. Litania ikasemwa, Moyo wa Yesu ukaitwa kwa majina yake yote, na Chilang alikuwa analia kwa kelele, simu ameirudisha mfukoni. Baadaye alimkumbatia Dita mpaka mbavu zikauma, akasema, "Baba amefika. Nimemsikia akifika," akaenda kufunua vyakula.

Dita alimsaidia shangazi kuinuka. Magoti ya mzee yalilia.

"Umekawia," alisema Tan Ika.

"Nini, shangazi?"

"Umekawia kuingia. Jioni zote hizi unaitikia tu, kama kasuku."

Dita akamgeukia. Kumbe! Akamshika mikono miwili. "Kwa hiyo ulikuwa unarudia makusudi? Ulikuwa unaningoja?"

"Narudia nini?" aliuliza Tan Ika.

"Miiba. Tendo la tatu."

Tan Ika alimtazama usoni muda mrefu, akitafuta kitu, na Dita hakuweza kujua kama anatafuta jibu au jina lake.

"Una homa?" alisema hatimaye, akamgusa paji la uso.

Hapo Tun Gorio akafika na sahani iliyojaa mpaka ukingoni, kaa wa nazi juu kabisa. Kesho yake zingeanza jioni nyingine tisa, zile za familia peke yake, na yeye, kama kawaida, alikuwa amejihesabu kuwa familia.

"Kesho tuje saa ngapi, techa?" aliuliza.

Dita akageuka kumtazama shangazi yake, asikie atajibu nini. Tan Ika naye alikuwa amegeuka, anamtazama yeye.