Sahihi ya Seline

"Sign hapo chini tumalize," Nderitu alisema, akiisukuma karatasi mezani. "Inasema tu ulikuwa kazini Ijumaa."

Seline Aketch hakuigusa kalamu. Miaka sita alikuwa akisafisha shule hii ya nasari ya Riruta Satellite, na kila karatasi aliyopewa na meneja Nderitu aliitia sahihi bila swali. Lakini wikendi mfereji wa uani ulikuwa umemwaga maji hadi ofisini, kompyuta mbili zikaharibika, na asubuhi hii mwenye shule alikuwa njiani kuja kumjua mkosaji.

"Ngoja nisome kwanza."

"Mama, hiyo ni Kiingereza."

Akaiinamia hivyo hivyo. Tangu Januari, kila Jumanne na Alhamisi alipotoka kazini alipitia darasa la watu wazima kanisani Gatina, ndipo aende kwake Kibera kwa miguu. Mwalimu Njambi aliwakazania jambo moja: tafuta kitenzi, kisha uliza nani aliyetenda.

Kidole kilitembea. I left the tap open on Friday. Tap alilijua, mfereji wa maji. Left ni kushoto. Mfereji wa kushoto? Shule nzima ilikuwa na mfereji mmoja. Akarudi mwanzo. I, mimi. Mimi nilifanya nini? Neno lililofuata ndilo lililopaswa kujibu. Leave, left. Kitenzi kile kilikuwa miongoni mwa vile vikaidi visivyokubali ed ya wakati uliopita, alivyovikariri akipiga deki.

Akainua kichwa.

"Hii left si kushoto," alisema polepole. "Ni kuacha. Na aliyeacha mfereji wazi, hapa, ni mimi."

"Ni lugha tu, mama. Sign."

"Sisaini."

Aligeuza karatasi, akachukua kalamu. I close the tap. Akaitazama sentensi hiyo: nafunga mfereji. Ijumaa ilikuwa imepita. Akaongeza d.

"Utaharibu kazi yako," Nderitu akasema.

"Iharibike nikijua kilichoandikwa."

Akatoka na karatasi yake, akaketi darasani kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfika kifuani. Hapo ndipo Bi Wangeci, mwenye shule, alipomkuta. Alisoma upande mmoja, akageuza, akasoma wa pili.

"Huku nyuma nani ameandika?"

"Mimi."

"Na ulipoondoka Ijumaa, nani alibaki?"

Seline alichungulia dirishani. Nderitu alikuwa amesimama uani kando ya gari lake. Ijumaa jioni, Seline akitoka getini, alimwona akivuta mpira wa maji kuliosha gari lilo hilo.

"Niseme ama niandike?"

Bi Wangeci akavuta kiti kingine kidogo, akaketi, akamrudishia karatasi.

Seline aliandika I. Kalamu ikasita hewani. See, kuona. Seed? Hapana. Chumba cha pili watoto walikuwa wakigombania kalamu za rangi. Akafumba macho kidogo, akayafumbua, akainama, akaandika s, kisha a, kisha w.