Mwizi wa Nairobi Mbele ya Ritongo

Mimi ni Kokushubira, Mhaya wa Muleba, na watu wa kwetu tunasemwa kwamba tunajisikia. Sikatai. Mwaka 1977 nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja cha Tarime, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Nyamwaga, na nitaeleza kama ilivyokuwa. Anayechukia na achukie.

Darasa langu lilikuwa kona ya ghala la kijiji. Walioandikishwa walikuwa thelathini na wawili, wanaokuja sita. Nilikwisha kuambiwa kwa barua kwamba wasipofika ishirini kabla ya mtihani wa taifa wa mwezi wa nane, darasa litafungwa nami nitarudishwa kwetu. Kurudi Muleba na sanduku langu, watu waseme Kokushubira ameshindwa na Wakurya? Thubutu!

Wala sikuwalaumu wale waliotoroka. Vitabu tulivyoletewa vilikuwa vitatu. Kimoja cha pamba, na pale hakuna aliyelima pamba. Kingine cha kuchimba choo. Cha tatu kilikuwa hadithi ya mvivu mmoja aitwaye Simioni, ambaye ukurasa wa nane anaitwa mkutanoni, anaambiwa ukweli, na ukurasa wa tisa ameshika jembe anaimba. Tulikuwa tumekisoma mara nne. Mama Teresia, mke wa Mseti, alinyoosha mkono akaniuliza huyo Simioni aliambiwa maneno gani hasa, maana yeye ameolewa na mvivu mwaka wa thelathini sasa, na mikutanoni hakosi.

Ni huyohuyo Teresia aliyeleta kile kitabu. Binti yake, Bhoke, ameolewa Kehancha, upande wa Kenya, akafiwa na baba mkwe. Mpaka ulikuwa umefungwa tangu mwanzo wa mwaka, lakini Mkurya ana shangazi huku na mjomba kule, nani atamfungia msiba? Teresia alikwenda kwa njia za ng'ombe, akalia kilio chake, akarudi na kikapu cha ulezi. Chini ya ulezi kulikuwa na riwaya ya Kiswahili. Jaladani mwanamume mwenye miwani myeusi, na mwanamke ameegemea gari kwa namna ambayo mimi, mtoto wa katekista, niliigeuza haraka ikatazama chini.

Kisha nikaisoma usiku kucha. Kesho yake nikaipeleka darasani, na nilijua kabisa ninachofanya. Redioni watu wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wakiitwa manyang'au asubuhi na jioni, na kitabu chao mikononi mwa mwalimu wa serikali kilikuwa kosa. Lakini nilikuwa na watu sita.

Hadithi ilikuwa ya Joni. Joni anavunja benki Nairobi, anawadanganya wanawake wawili, anawazunguka polisi kurasa mia na kumi. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikampa kitabu Mzee Wangwe, ambaye tangu mwaka juzi alikuwa amekwama kwenye ma me mi. Mzee yule alitoka jasho, akavuta herufi moja moja, akamaliza mstari mzima, kwa sababu alitaka kujua kama mlinzi wa benki amekufa. Hakuwa amekufa. Wiki ya pili walikuja ishirini na saba.

Siku tulipomaliza, Joni akapanda ndege na mfuko wake akicheka. Kisha Mzee Wangwe akauliza Joni amekwenda wapi na mali ya watu. Nikamweleza kwamba ile ni hadithi tu.

"Najua ni hadithi," akasema. "Sasa amekwenda wapi?"

Ndipo Teresia akasimulia kwamba kule kwa binti yake, mkwe wake, yaani mume wa Bhoke, alimpeleka Migori kutazama sinema. Kulikuwa na jambazi, akarukia treni akaponyoka, na vijana wakasimama juu ya mabenchi wakipiga miluzi. Akamuuliza mkwe wake kwa nini wanamfurahia mwizi. Mkwe akamjibu kwamba pale mjini polisi wanawabana kila siku, basi angalau mmoja ameponyoka. Sisi huku, gari la sinema lilipokuja, lilituonyesha jinsi ya kuhifadhi mahindi, na watu waliomba warudishiwe mara tatu pale mtu anapotumbukia shimoni.

Walibishana mpaka jua likashuka. Wangwe aliibiwa ng'ombe wote mwaka wa sitini na nane, hakuona kwa nini ampigie mwizi miluzi. Lakini hata Simioni wetu hawakumtaka. Teresia akasema vitabu vya Kenya vinamwachia mtu bila kumuuliza, na vyetu vinamsamehe bila kumuuliza, na yeye anataka aulizwe. Hapo walikubaliana wote. Joni aitwe mbele ya ritongo, baraza la ukoo, kama mwizi yeyote wa ng'ombe.

Mimi huyo nikadakia kwamba vizuri, lakini ritongo lenyewe litaandikwa, kila mtu kwa mkono wake. Ilichukua siku tisa. Mmoja alikuwa Joni, mmoja mwenye benki, na Teresia akasimama kwa niaba ya wale wanawake wawili, ingawa wazee walinung'unika kwamba wanawake hawasemi ritongoni. Wakaamua kwamba Joni arudishe mali yote na kutoa ng'ombe kumi na wanne, na mpaka atakapotoa, mtu yeyote asimpe moto wala maji. Walijaza daftari zima, wakaandika majina yao chini. Nilijifungia nyumbani nikalia kwa furaha, nalisema wazi.

Basi akaja Ndugu Melkiori, afisa aliyekuwa akisimamia kisomo upande wetu kwa muda. Alikuja kukagua mahudhurio, akafurahi, akaomba aondoke na daftari moja akawaonyeshe wakubwa. Nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Mzee Wangwe, kwa kujivuna, akampa lile la ritongo.

Kesho yake asubuhi mgambo wawili walikuja wakamchukua Mzee Wangwe. Maana Ndugu Melkiori alikuwa amekaa na taa yake akasoma kwamba mali ya benki ya Nairobi imejadiliwa kijijini, mpaka ukiwa umefungwa, katika baraza la ukoo lisilo na kibali, na mwizi amenyimwa moto na maji, na walioamua wameweka majina yao. Alitaka kujua Joni amefichwa kwa nani. Wangwe alimjibu ukweli, kwamba Joni amepanda ndege, na hilo halikumsaidia.

Niliposikia nilijua nina njia moja tu. Nisiposema, mzee atapelekwa Tarime mjini. Nikisema, nimejifungia darasa mwenyewe. Nikachukua riwaya, sikuifunika hata kwa kanga, nikapita nayo katikati ya kijiji, jalada likiwa juu, mpaka ofisi ya kijiji walikomweka.

"Shikamoo Mzee Wangwe," nikaanza na yeye, kwa sababu alikuwa amekalishwa sakafuni. Kisha nikaweka kitabu mezani nikamwambia Ndugu Melkiori kwamba Joni wake yumo humo, amtafute.

Alikipekua. Aliona haya kwanza, halafu hasira ikampanda. Akaniambia ninawalisha wananchi sumu ya mabepari, kwamba Wakenya wanapenda wezi na makahaba kwa kuwa ndivyo walivyo, na sisi tuna vitabu vya kujenga nchi. Nilikuwa nimekwisha kushindwa, sikuona sababu ya kushindwa kwa upole.

"Ndugu," nikamwambia, "watu hawa hawakumpenda mwizi. Wamemhukumu. Vitabu vyako viliwapa usingizi, hiki kimewapa kalamu. Nifukuze, lakini usiseme hawajajenga kitu."

Akasema mzee ataachiwa, darasa limefungwa tangu leo, nami niondoke kwa basi la kwanza. Ila kwanza wanafunzi waitwe watoe ushahidi. Wakaja wote, wakasimama nje mpaka kwenye migomba. Ndugu Melkiori aliandika karatasi, akawasomea kwa sauti kwamba wao wanathibitisha kuwa mwalimu alisoma nao kitabu cha Kenya. Ni kweli, wakasema. Akafungua kidau cha wino, akamwita Teresia wa kwanza aweke dole gumba.

Teresia hakuweka. Aliomba karatasi. Ndugu Melkiori akamwambia ameshasomewa, mama, asipoteze muda. Teresia akaivuta mwenyewe kutoka mezani, akaisogeza karibu na uso, akaanza. Alisoma kama wanavyosoma wote wanaoanza, kidole chini ya neno, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

"Na... mwalimu... alitufundisha... kuichukia... nchi yetu." Akainua macho. "Hili hukulisoma."

Ndugu Melkiori akasema ni maneno ya kawaida ya kiofisi. Mzee Wangwe akainuka sakafuni bila kuruhusiwa, akaomba naye aione. Mwingine akaomba. Karatasi ikapita dirishani, ikasomwa kwenye migomba na watu ishirini na saba, polepole sana, na ilirudi bila dole hata moja.

"Basi andikeni yenu," akasema Ndugu Melkiori, jasho likimtoka.

Nadhani alifikiri hawataweza. Teresia alivuta kiti cha afisa, akakaa, akageuza karatasi ile upande mtupu. Aliandika muda mrefu. Sikumsaidia hata herufi moja, niliuma midomo. Alipomaliza alimkabidhi Ndugu Melkiori kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na wengine wakaanza kupanga mstari kuandika majina yao chini ya lake.

Iliandikwa hivi: "Mimi Teresia Mseti nimesoma kitabu hicho chote. Mwisho wake ni mbaya. Mwalimu haendi popote. Tunataka kingine."