Meli Iliyogoma Kuzama

Kuzamisha meli si kazi ngumu. Unafungua vali za chini, unashuka, unapiga saluti, unaenda kula wali. Sisi tulifungua vali zote tisa saa mbili asubuhi. Ikafika saa tano, na meli yetu ya kubeba maji bado inaelea, imeinama upande mmoja tu kama mtu anayesikiliza umbea.

Ilikuwa izame iwe nyumba ya samaki. Mimi nilikuwa fundi wake mkuu miaka kumi na tisa, tukipeleka maji visiwani na kwa boti za doria. Siku hiyo tulikuwa juu ya boti mojawapo ya hizo, pamoja na wageni rasmi, wote tunaitazama meli, nayo inatutazama.

Kamanda Wisarut, mkuu wa boti ile, alikuwa na karatasi zangu za kustaafu mfukoni.

"Prayun, meli isipozama, bado iko kwenye orodha. Ikiwa kwenye orodha, inahitaji fundi mkuu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, afande."

Mke wangu alikuwa ananisubiri Nakhon Phanom, mwendo wa basi wa kutwa nzima. Alishaniambia nikiahirisha tena, nisirudi.

Mpishi wetu, Thongbai, akanivuta shati. "Kaka, hebu angalia pale omo."

Nikaangalia mbele kabisa ya meli. Tepe za Bibi bado zimefungwa.

Kila meli kwetu ina Bibi wake, roho inayoilinda, anakaa omo. Kabla ya safari anafungiwa tepe za rangi, anapewa maua na soda nyekundu. Meli ikistaafu, yeye ndiye anayeombwa kushuka kwanza. Binadamu baadaye.

"Si nilikwambia umshushe?" nikamnong'oneza.

"Mimi mpishi! Wewe uliniambia nilete soda. Nikaleta."

"Iko wapi?"

Thongbai akatazama bahari. "Kulikuwa na joto, kaka."

Kamanda alikuwa amesikia yote. Hakufoka. Alichukua kipaza sauti akawatangazia wageni kwamba kuna ucheleweshaji mdogo wa kiufundi. Kisha akatugeukia. "Mmemwacha mama wa watu ndani ya meli inayozamishwa?"

"Ndiyo, afande."

"Nendeni mkamchukue, wapumbavu nyie."

Mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka ofisi ya mkoa, akavua shada lake la maua shingoni bila kuuliza kitu. "Mpelekeeni. Na mpige magoti vizuri, siyo kiaskari."

Tukaenda na kitumbwi cha mpira. Sitaha ilikuwa imelala upande, ikabidi tupande kwa kushikana mikanda. Tukapiga magoti omo, tukamwekea shada.

"Bibi, tusamehe," nikasema. "Tumekusahau kama mwavuli. Tafadhali shuka na sisi."

"Na soda nitakununulia mbili," Thongbai akaongeza.

"Wewe nyamaza."

Nikaanza kufungua mafundo ya tepe, ili ashuke nazo. Mengi niliyafunga mwenyewe, mengine mikono ya watu waliokwisha kufa. Nilichelewa kidogo. Thongbai aliona macho yangu, akajifanya anakagua kamba.

Hatujafika hata nusu ya njia ya kurudi, meli ikashusha pumzi ndefu, ikainua mkia, ikaenda zake. Dakika nne. Wageni walipiga makofi. Kamanda akaandika kwenye ripoti: "Imezama baada ya tatizo la kiufundi kutatuliwa." Halafu akanipa karatasi zangu, zimesainiwa.

Nikamwomba nifunge tepe kwenye boti yake.

"Hapa yuko mwingine," akasema. "Unataka wapigane nikiwa doria?"

Jioni, kituo cha basi, nikampigia mke wangu simu.

"Nimestaafu. Nakuja na Bibi wa meli."

"Atakaa wapi?"

"Mbele ya nyumba. Anahitaji maua na soda nyekundu tu."

"Na wewe unahitaji nini?"

"Wali."

"Basi mwambie karibu," akasema. "Wewe tutaona."

Nikakata tiketi mbili. Kiti cha dirishani nikampa Bibi.