Hotuba ya Kuaga

Wanafunzi walimwita mkuu wetu wa shule Gundi, na sijawahi kuwaadhibu kwa hilo. Kila kipindi chake kilipokwisha, bodi ilimteua tena, na kila alipoteuliwa tena, mimi ndiye niliyeandika tangazo. Ndivyo tulivyofanya kazi: tangazo la mkuu huandikwa na naibu wake, na kwa Kiingereza, maana bodi yetu inaamini kwamba jambo likisemwa kwa Kiswahili bado halijawa rasmi. Mimi ni naibu, tena mwalimu wa Kiingereza. Nilikuwa nimenasa pande zote mbili.

Safari hii Gundi mwenyewe alisema anaondoka. Aliniita ofisini, akapigapiga mkono wa kiti chake.

"Dada, kiti hiki sasa ni chako. Bodi nimeshawaambia, na wamekubali. Mimi chumvi nimekula ya kutosha, magoti hayanitaki tena. Niandikie tu hotuba ya kuaga. Wewe una mkono."

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Nisipokipata sasa, basi tena. Nilimwambia mume wangu kwa siri, naye akamwambia dada yake kwa siri, na wifi yangu huyo hajui siri ni mdudu gani. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unaniamkia kwa heshima mpya, na mama yangu ameanza kunifundisha namna ya kukaa kitini bila kuegemea, nisionekane nimechoka kabla sijaanza.

Basi nikaandika hotuba kwa furaha ya mtu anayemfungashia mgeni mizigo. Nilimsifu Gundi hadi nikajishangaa. Kuta zilizopigwa lipu nikazitaja, na watoto aliowasubiri getini siku za mvua, ingawa alifanya hivyo mara moja tu, tena alikuwa anangoja teksi. Nikamfanyisha na mazoezi. "Hapa nyamaza kidogo. Hapa vua miwani, uifute." Alikuwa mwanafunzi mzuri, hilo simnyimi.

Mbele ya bodi aliisoma vizuri mno. Alipofika pa miwani, mweka hazina akatoa leso. Mwenyekiti wa bodi, mzee mpole mwenye sauti nzito, akasimama.

"Mtu wa namna hii tunamwacha aende wapi?"

Wakapiga makofi. Gundi akatazama sakafu, akasema kama wakubwa wanamhitaji, yeye ni nani hata akatae. Magoti yakapona palepale. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nimevaa gauni jipya.

Kesho yake mwenyekiti akaja kuagiza tangazo.

"Ila usiandike *reappointed*, mwalimu. Mara iliyopita uliandika hiyo, na kabla yake pia. Wazazi watasema ni yale yale."

"Ni yale yale, mzee."

"Ndiyo maana nataka neno jingine."

Nikakaa chumba cha walimu na kamusi. *Reinstated* ni la mtu aliyefukuzwa akarudishwa, na huyu hakuna aliyethubutu kumfukuza. *Re-elected* linataka kura, nami sikuona aliyepiga. Nikafika kwenye *retained*, la kitu ulicho nacho ukakataa kukiachia. Hilo halikuwa mbali na ukweli, nikaliandika. Mwenyekiti alilisoma mara mbili.

"Zuri. Lina uzito."

"Mzee," nikasema, "na mimi je? Mlikubali kwamba zamu hii ni yangu."

Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonichoma. Mtu mbaya ningejua namna ya kumjibu.

"Mwalimu, kazi yako tunaijua. Lakini mkuu ni mtu wa kusimama mbele za watu. Wewe tumekaa nawe miaka yote hii, hatujakusikia hata siku moja ukisema neno la kumgusa mtu. Mwenzako ulimsikia? Yale yalitoka moyoni."

Nikafungua mdomo nimwambie yalitoka moyoni mwa nani. Gundi alikuwa amesimama nyuma yake, mlangoni, ameganda. Nikajiona nikisema, na nikajua nitakavyoonekana: mwanamke mzima ameshikwa na wivu, anamwonea mtu gere kwa makofi yake. Nikaufunga mdomo. Mwenyekiti akatikisa kichwa taratibu, kwa sababu nimemthibitishia alichosema.

Nyumbani mume wangu alisema pole, akanitengea chakula, asiulize zaidi. Mama aliuliza. Nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili, kisha nikaenda kulia bafuni. Nilimchukia Gundi, lakini mkono wangu niliuchukia zaidi.

Siku chache baadaye alikuja mezani kwangu, anatembea kwa adabu kama anaingia msibani.

"Dada, najua una hasira, na haki unayo. Lakini Ijumaa kuna hafla ya wazazi. Niandikie maneno ya shukrani. Mafupi tu."

Nikavuta karatasi, naye akaona nimekubali, akaondoka. Nikasema moyoni, safari hii utakiona cha moto. Nitakuandikia Kiingereza kibovu, sentensi zipishane, ujikwae mbele ya wazazi wote na watoto waliokupa jina. Nikaandika mstari wa kwanza, mbovu kweli. Nikautazama. Nikaufuta, nikausahihisha. Kengele ya mchana ilipolia hotuba ilikuwa imekamilika, tena imeishinda ile ya kwanza. Humo ndani, karibu na mwisho, niliweka sentensi moja ya kumshukuru naibu wake, aliyesimama naye miaka yote.

Ijumaa aliisoma yote neno kwa neno, miwani akaivua panapostahili, na alipofika kwenye sentensi ile akairuka.