Mkono wa Kushoto wa Nondo

Watu wakinikuta njiani huniuliza swali lile lile: mieleka ni kweli au ni maigizo? Mimi ni refa, nina miaka kumi na tisa ulingoni, na nimechoka kulijibu. Ndiyo, nani atashinda tunajua tangu asubuhi. Lakini mbao ni mbao, na shingo ya mtu haijui kuigiza.

Kuna jambo moja pale ulingoni lisilo na usanii. Mpiganaji akianguka vibaya, refa hupiga magoti kana kwamba anahesabu, humshika mkono wa kushoto, ule ulio mbali na kamera, na kuuminya mara moja. Anauliza: mzima? Mpiganaji akiminya mara mbili, maana yake twende. Asipojibu, refa husimama, hukingamanisha mikono yake juu ya kichwa, na mchezo umekwisha. Daktari anaingia, na hakuna promota wa kubisha. Kwa mdomo hatusemi neno. Chini ya mbao kuna maikrofoni za kunasa vishindo, na neno moja likisikika ukumbini uhondo wote umeharibika.

Mkono nilioushika mara nyingi kuliko yote ni wa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike. Dunia ilimwita Nondo. Nilimtoa mimi mwenyewe kwenye ghala la saruji alikokuwa akibeba mifuko, mmoja kila bega, huku akipiga mluzi. Miaka mitatu baadaye picha yake ilikuwa ukutani kwa kila kinyozi. Mikanda minne ya ubingwa ameivaa. Pigo lake lilikuwa moja, Kiporomoko: anamkumbatia mpinzani juu kabisa kwenye kamba, halafu wanaanguka wote wawili kinyumenyume hadi mbao zinalia. Ukumbi ulikuwa unasimama. Na mimi nilikuwa napiga magoti, naminya, anaminya mara mbili, kisha ananikonyeza jicho. Nilimwonea fahari kuliko mke wake.

Kila Kiporomoko kiliondoka na chake. Kwanza akawa hageuzi kichwa bila kugeuza mabega. Kisha vikombe vikaanza kumponyoka. Akawa anasema ni sabuni. Tukacheka, kwa kuwa alikuwa bingwa wa kuchekesha pia, na mficha maradhi akiwa mcheshi humchelewesha hata daktari.

Jumanne moja mchana nilikwenda kwao kula. Pambano lake la kuaga lilikuwa limebakiza siku tano. Alikuwa anatusimulia jinsi atakavyomkabidhi ubingwa Seremala, kijana wa miaka ishirini na sita aliyeacha kweli randa na msumeno akaja kupigana. Seremala angempiga kwa Kiporomoko, pigo lake mwenyewe, mbele ya watu wote. Alipenda sana jambo hilo. Alikuwa anaongea kwa mkono wa kulia, unajua watu wa namna hiyo, na wa kushoto ulikuwa umelala juu ya kitambaa cha meza.

Mkono ule ukajikunja. Mara mbili. Ukatulia, ukajikunja tena mara mbili, na kitambaa kikavutika mpaka kijiko kikaanguka.

Yeye hakuacha kusimulia. Hakuwa na habari. Mimi nikarudisha tonge kwenye sahani, maana ninaujua mkono ule, na lile lilikuwa jibu langu. Ulikuwa unanijibu bila mimi kuuliza.

"Una wazimu huo," akasema alipoona macho yangu, akaucheka. "Siku hizi unafanya mambo yake. Mimi siusikii hata ukiuchoma sindano."

Mdogo wangu aliniita jikoni nimsaidie sufuria. Hapakuwa na sufuria ya kusaidiwa. Alifunga mlango akaegemea.

"Umeona, kaka."

"Nimeona."

"Daktari alituonyesha picha ya shingo. Pingili mbili zimesagika. Amesema akiangukia kichwa mara moja tu, basi, kuanzia hapa kwenda chini atapooza." Alijigusa chini ya koo. "Nimemlilia, nimemnunia, nimemfichia viatu. Sikio la kufa. Wewe ndiye refa."

"Pambano liko palepale, na promota..."

"Sikuombi ulifute. Nakuomba kitu kimoja. Akianguka, usiuamini ule wa kushoto. Mshike wa kulia."

"Nitamshika wa kulia."

"Niapie."

Nikamwapia, jikoni pale, mkono wangu juu ya kichwa chake kama tulivyokuwa wadogo.

Nilipokuwa natoka, Nondo akanisindikiza hadi getini. Hakuwa anacheka tena. "Shemeji, najua alichokuambia. Ukinivunjia pambano langu la mwisho bila sababu, usikanyage kwangu." Naye nikamwahidi. Mshika mbili moja humponyoka, nalijua hilo tangu utotoni, na bado nilitembea hadi nyumbani nikijiona mtu wa busara.

Jumapili, saa tisa alasiri, ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mdogo wangu hakuja. Katika chumba cha kubadilishia nguo Nondo alishindwa kufunga kamba za kiatu, nikamfungia mimi. Mkono wa kushoto ulikuwa pajani mwake, unajikunja. Nilirudia moyoni, wa kulia, wa kulia, kama mtu aliyetumwa dukani.

Dakika ya kumi na moja Seremala alimrusha kwenye kamba, jambo la kawaida, tumelifanya mara elfu. Nondo alipaswa kujikinga kwa mikono. Mkono mmoja haukufika. Alitua kwa kisogo, na kishindo chake hakikuwa kile ninachokijua.

Nikapiga magoti. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama. Mkono wa kulia ulikuwa upande wa kamera, kiganja juu, peupe. Kuufikia ningelazimika kumvuka mbele ya watu wote, na kila shabiki angeona refa anamshika mtu mkono. Wa kushoto ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote, chini ya goti langu. Sijui kama niliamua. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe. Nikaminya mara moja.

Ukaminya mara mbili.

Nitasema ukweli: nilishukuru. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, kwa kuwa nilijiona sina tena wa kumvunjia ahadi. Nikampa Seremala ishara, endelea. Yule kijana akasita. Alimtazama Nondo, akanitazama mimi, midomo yake ikacheza bila sauti: hayuko sawa. Nikamkazia macho. Nilikuwa refa kabla yeye hajajua kufunga kamba za viatu vyake. Akatii.

Akamwinua, akampandisha kamba ya kwanza, ya pili, ya juu. Ukumbi mzima ukasimama, ukaanza kuhesabu. Mikono ya Nondo ilikuwa inaning'inia. Wakaanguka.

Nilipouminya tena, ulijibu mara mbili. Kisha mara mbili nyingine. Kisha nikauachia, na bado ukawa unajibu, mara mbili, mara mbili, juu ya mbao, haujashikwa na mtu. Nikasimama nikakingamanisha mikono juu ya kichwa. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Imepita miezi minne. Anasikia, anaongea, anakula akilishwa. Kitanda kimewekwa sebuleni karibu na dirisha, na mikanda minne iko ukutani anapoweza kuiona bila kugeuza shingo. Mimi nakwenda kwao kila siku mchana, namsomea magazeti, namnyoa. Jana mdogo wangu alikuwa anamlisha uji, mimi nafua kitambaa cha uso kwenye beseni, Nondo akasema ghafla:

"Shemeji, mbona siku ile hukuniminya?"

Nikaacha kufua.

"Nilipoanguka ile mara ya kwanza," akaendelea, polepole kama anavyoongea siku hizi, "niliogopa. Sijawahi kuogopa ulingoni. Nikajisemea, liende pambano, nitarudi kwa mke wangu. Akiniminya sijibu, atafunga. Nikakutazama, nikangoja uniminye. Nikangoja, nikangoja. Mara Seremala ananiinua."

"Nilikuminya," nikasema.

"Sikusikia kitu."

"Nilikuminya, shemeji. Ukanijibu mara mbili."

"Mimi?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi sikukujibu."

Kijiko kikatua ndani ya bakuli. Mdogo wangu hakuwa amepandisha sauti tangu siku ile, na hakuipandisha sasa.

"Ulimshika mkono gani, kaka?"

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Nilitamani aulize kitu kingine chochote.

"Wa kushoto," nikasema.

Hakunitukana. Aliufunika ule mkono kwa shuka, akachukua kijiko, akaendelea kumlisha mumewe, na chini ya shuka mkono ukawa unajikunja mara mbili, unatulia, mara mbili.