Ada Ilikuwa Shangazi

Enyi wakazi wa Bweni la Pili, wekeni vikombe chini. Mimi, Chande Mbaruku, Kiongozi Mkuu wa Usafi na Mazingira, natangaza kwamba usiku wa jana niliota ndoto yenye manufaa kwa taifa. (Usafi wenyewe ni wa vyoo, na cheo nilipewa kama adhabu. Tuendelee.)

Niliota tuko nyumbani Muheza, kwenye kikao cha ukoo. Dada yangu Sikudhani amefaulu kidato cha sita na anataka shahada moja tu duniani: ile ya maendeleo ya binadamu na masomo ya familia. Ni lazima tupate chuo tunachokimudu kabla soko la vyuo halijafungwa. Tusipokipata, atabaki nyumbani kukaanga mihogo.

"Nani atalipa?" anauliza baba.

"Familia italipa," anajibu mama.

Hapo ukuta wa sebule unaondoka bila kuaga, nasi tunajikuta sokoni. Vyuo vimekaa chini, kila kimoja kwenye mkeka wake, vinaita wateja. Na kweli, bei ni familia.

Cha kwanza ni ghorofa lililovaa tai.

"Bibi mmoja, analipwa kwa mkupuo," linasema. "Bweni ni wajomba wawili. Joho la mahafali, binamu."

"Punguza kidogo," anasema Sikudhani.

"Binamu anaweza kuwa wa mbali."

Cha pili ni mlango uliosimama peke yake. Ni chuo cha elimu ya masafa, kwa hiyo inabidi mpigiane kelele ingawa mlango uko mbele ya pua yako.

"Mimi ni nafuu!" unaita kwa sauti ya mbali. "Shangazi mmoja, miaka yote mitatu!"

Pembeni kuna mizani ya kupimia ndugu. Kwa moyo wa kujitolea napanda mimi kwanza. Mshale unarudi nyuma ya sifuri.

"Huyu ni hasara," inasema mizani kwa adabu. "Labda mumtoe kama nyongeza."

Sikudhani anakwenda kulinganisha bei kwenye mikeka mingine. Nami namwona Shangazi Zaituni, ambaye huniuliza alama zangu za hesabu hata msibani.

"Shangazi, hebu panda hapa, tuone kama umepungua."

Anapanda mbiombio. Springi zinalia.

"Huyu amebeba harusi, misiba na ugomvi wa ukoo mzima," inasema mizani, ikihema. "Anatosha."

Mlango unamfunga uzi mwekundu mkononi, ndiyo risiti, kisha unammeza. Papo hapo baba na mjomba wanaanza kugombea mfuniko wa sufuria, na hakuna wa kuwaamua.

Sikudhani anarudi.

"Chande, shangazi yuko wapi?"

"Nimekulipia ada, dada. Hongera."

Anakaza kanga kiunoni, anausogelea mlango.

"Hodi! Una mjomba?"

"Sina!"

"Umewahi kumbembeleza bibi anywe dawa?"

"Sijawahi!"

"Sasa nikikulipa familia yangu yote, nitakuja kusoma nini?"

Bawaba zinakwaruza. Ghorofa limelegeza tai. Kwenye tundu la ufunguo inasikika sauti ya shangazi: anawaamuru wahadhiri wawili wapeane mikono, kisha wamenye viazi.

"Hao hawajasalimiana tangu nitiwe kitasa," unanong'ona mlango, safari hii kwa karibu. "Dada, unataka nini?"

"Naingia kusoma. Familia yangu nakuazima tu. Shangazi anarudi kila Jumamosi, tena akiwa ameshiba."

"Na ada?"

"Ndiyo hiyo. Chukua upesi, kabla sijapandisha."

Mlango unafunguka. Mizani inainama. Kifua kinanijaa fahari mpaka vifungo vya shati vinachomoka, kimoja baada ya kingine, vikishangilia: "Si-ku-dha-ni! Si-ku-dha-ni!" Nami nawapungia watu mkono, kana kwamba ni mimi niliyemfundisha.

Kengele ikaniamsha. Ilikuwa Jumamosi, siku ya wageni. Getini nikamkuta Shangazi Zaituni ameketi kwenye benchi, hotipoti ya pilau mapajani. Mkononi mwake kulikuwa na uzi mwekundu.

"Nimeamka nao," alisema, akiutazama. "Na mabega yananiuma kama niliyepatanisha watu usiku kucha. Chande, mwanangu, wewe unajua nini?"

"Mimi, shangazi? Najua nini mimi?"

"Na vifungo vya shati lako viko wapi?"

Nikatazama kifua changu. Hakikuwa na hata kimoja. Nikaitazama hotipoti, ambayo ilikuwa bado imefungwa.

"Ni mimi, shangazi," nikasema. "Nilikulipa. Lakini mizani nusura ivunjike."