Kujitwika Majini

Efrazia alibakiwa na siku tano. Jumamosi mwanawe Stephano angekuja kumteremsha Korogwe akaishi kwenye tambarare, kwa kuwa mwaka jana alianguka mara mbili shambani, na miteremko ya Mtae haina huruma. Mwenyewe hakutaka kabisa. Korogwe joto, na maharage yake angemwachia nani?

Ndiyo maana alikubali kuingia bwawani. Wema, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliwakusanya wanawake wazee kwenye bwawa la kumwagilia kabichi, akawatembeza humo wajifunze kutoanguka, huku maji yakiwafika kifuani.

"Humu mtu hawezi kuanguka akaumia," aliwaambia.

Wakaingia na vitenge vyao, vikaumuka kama maandazi. Baridi yake, acha tu.

Wenzake walitembea. Efrazia kila hatua tatu aliyumba. Alijikasirikia, kisha akaanza kujichunguza. Mguu hauumi, goti halilegei. Ila kichwa kilikuwa kimeinama, kinatafuta pa kuangukia. Kimeanza lini tabia hiyo?

Akatoka, akaviringisha khanga ikawa ngata, akajitwika ndoo ndogo yenye maji nusu, akarudi bwawani.

"Bibi, mizigo hapana," Wema alisema.

"Nihesabie hatua kwanza, mjukuu wangu."

Wema akahesabu. Shingo ilinyooka, macho yakatazama ng'ambo. Hatua ishirini, na ndoo haikumwaga hata tone. Sasa Wema naye alitaka kujua.

"Uliacha lini kujitwika?"

"Mwaka juzi. Stephano alinikataza. Alisema nimebeba vya kutosha."

"Na kabla ya hapo uliwahi kuanguka?"

Efrazia alipiga hesabu. Miaka sitini alipanda na kushuka na kuni, maji na magunia ya viazi, wala hakuanguka. Mtoto alimtua mzigo kwa mapenzi, akamtua na shingo yake. Jambo hilo lilimuuma kuliko magoti yaliyochubuka.

Basi kila asubuhi alitembea majini na ndoo yake, Wema akiwa nyuma. Ijumaa wakajaribu nchi kavu.

Jumamosi Stephano alimkuta mama yake kwenye njia ya kupanda nyumbani, ndoo kichwani. Alimkimbilia.

"Shikamoo mama. Lete nikupokee."

"Marahaba. Ukinipokea hii, baba, itabidi unibebe na mimi."

Mikono ya Stephano ilibaki hewani. Kisha akasogea pembeni mwa njia, akampisha, akamfuata nyuma hadi mlangoni, na habari ya Korogwe hakuianzisha.